Baridi ya Urusi isimharakishe mnunuzi wa ngano

Habari za baridi kali Urusi, Ukraine au Kansas zikifika Chicago, bei ya ngano huweza kuruka siku hiyohiyo. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako ngano nyingi hutoka nje, hukimbilia kutia sahihi mkataba kwa bei ya juu. Haraka hiyo yaweza kumtia hasara bure.

Kiasi cha baridi peke yake hakionyeshi kama ngano iliyopandwa Septemba au Oktoba itakufa. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi, mche huanza kujikomaza, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Norstar, ngano ya Kanada, ikishakomaa vyema hustahimili hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Lakini siku chache za joto huondoa uwezo huo upesi, na karibu na Machi haurudi wote.

Modeli ya kompyuta ya Fowler wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1999, hufuata mabadiliko hayo siku kwa siku. Kipimo chake ni joto la udongoni kwenye kitako cha mche, si la hewani. Theluji nene huufunika mche kama blanketi.

Basi mnunuzi aulize: theluji ilikuwapo? Joto lilitangulia? Ni mwezi gani? Mwenye akiba ghalani asubiri majibu. Asiye nayo anunue ya kumvusha tu.