Unyenyekevu Si Unyonge

Msomaji wetu wa Mvita au Lamu aendapo Nairobi huenda akafikia Majengo, Pumwani, akaswali katika msikiti wa Riyadha, na asijione mgeni sana. Akitoka hapo akaifuata barabara ya Juja, akaziacha Eastleigh na Mathare nyuma yake, atafika mtaa wa Huruma. Huko pana nyumba ya masista wa Kikatoliki wavaao sari nyeupe zenye mistari ya buluu. Shirika lao lilianzishwa na Mama Teresa mjini Calcutta, India, mwaka wa 1950. Kazi yao huko Huruma ni kuwatunza watoto mayatima na walemavu, nao wameweka nadhiri ya kuwatumikia mafukara pasi na malipo.

Nyuma ya kazi hiyo pana fundisho ambalo wengi wetu hulisikia nusunusu. Wakristo husema mtu hana budi kuwa kama mtoto mdogo mbele ya Mungu. Sisi huuliza: mtu mzima na ndevu zake atakuwaje mtoto? Na wengine hudhani huo ni uzembe, mtu kukaa kitako akingoja riziki imwangukie.

Sivyo. Mama Teresa alijichagulia jina la sista mmoja wa Ufaransa, Teresa wa Lisieux, aliyefariki mwaka wa 1897 akiwa na umri wa miaka 24. Sista huyo alieleza kwamba alijiona mdogo mno kuweza kuipanda ngazi ya utakatifu. Zama zile lifti zilikuwa jambo jipya katika nyumba za matajiri, naye akasema kwamba lifti yake ni mikono ya Yesu: mtoto asiyeweza kupanda hubebwa. Maneno haya hufahamika upesi katika majumba marefu ya Huruma yasiyo na lifti, ambako akina mama hupandisha mitungi ya maji orofa baada ya orofa. Apandaye hivyo kila siku ajua nguvu zake zinapokoma.

Hatusemi kwamba dini zetu ni moja. Mkristo humwita Mungu Baba. Muislamu ni mja mbele ya Mola wake, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini juu ya kutawakali twaweza kusikilizana. Injili yawataka watu wawatazame ndege, ambao hawalimi wala hawavuni na Mungu huwalisha. Na katika Hadithi iliyopokewa na Sayyidna Umar, Mtume (S.A.W.) alitoa mfano wa ndege watokao asubuhi na njaa wakarudi jioni wameshiba. Basi na tuangalie: ndege hao hutoka! Hawabaki tunduni. Na yule bedui aliyeuliza juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali.

Ndivyo ilivyo hata kwa masista wale. Kumtegemea Mungu hakuwaondolei kazi ya kuosha, kulisha na kukesha na mgonjwa. Kunawaondolea kitu kimoja tu: kiburi cha kudhani kwamba kazi ile ni yao.

Hapo ndipo twaona somo lipo kwetu sote. Kiburi hakina dini. Wapo wahubiri wajazao mabango kwa picha zao kuliko kwa jina la Mungu wanayemhubiri. Na kwetu pwani, wapo wanaogawa futari huku mpiga picha amesimama kando, na maskini hana pa kuuficha uso wake. Sadaka hiyo imemshibisha nani?

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tunaposujudu mara tano kwa siku, paji la uso hugusa ardhi. Twauliza tu, je, na moyo nao huinama, au husalia umesimama?