Programu yako ikikosea iseme, isijizime

Wewe kijana unayejifunza lugha ya C, hebu fungua kazi yako ya juzi uhesabu ni mara ngapi umeandika exit(1). Faili imekataa kufunguka? exit(1). Kumbukumbu imeisha? exit(1). Mtumiaji ameandika herufi mahali pa nambari? exit(1) tena. Kwa zoezi la darasani, sawa, alama zako utapata. Lakini ukiibeba tabia hiyo hadi kazini, kuna mtu ataumia.

Shida ni kwamba exit() haifungi fanksheni yako pekee, inazima programu nzima. Ni kama kondakta aliyekosa chenji ya abiria mmoja, basi anawashusha wote katikati ya Thika Road. Kwani hao wengine wamekosa nini?

Chukua programu ya kuhamisha pesa. Imeshatoa Sh500 kwenye akaunti moja, na kabla haijaziweka kwenye nyingine, fanksheni ndogo ya kuandika rekodi inakuta diski imejaa na kuita exit(1). Ni kweli exit() hujaribu kumalizia maandishi yaliyokuwa yakisubiri kwenye faili zilizo wazi. Lakini haijui kwamba pesa ziko njiani. Fanksheni iliyoituma ile ndogo ndiyo iliyojua, na ndiyo ingezirudisha. Imezimwa kabla ya kuambiwa lolote.

Dawa yake ni rahisi: rudisha nambari. Sufuri, mambo shwari. Nambari nyingine, kuna kosa, na kila kosa liwe na nambari yake. C yenyewe ina desturi hii. fopen() ikishindwa kufungua faili hurudisha NULL, na malloc() ikikosa kumbukumbu hufanya vivyo hivyo. Uamuzi unabaki kwako.

Tazama SQLite, hifadhidata iliyoandikwa kwa C ambayo imo ndani ya simu za Android. Kazi ikienda vizuri hurudisha SQLITE_OK, yaani 0. Nafasi ikiisha hurudisha SQLITE_FULL, yaani 13, kisha app ndiyo huamua ikuambie nini. Linganisha na libjpeg, maktaba ya kushughulikia picha. Ikikutana na kosa kubwa, mpangilio wake wa kawaida ni kuita exit(). Ndiyo maana wanaoitumia kwenye programu kubwa huweka fanksheni yao ya makosa mahali pa ile, la sivyo picha moja mbovu inaangusha kila kitu.

Na si picha tu. Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Nambari moja ilizidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa. Kompyuta ya uelekezaji ikaripoti hitilafu na kujizima, kama ilivyopangiwa. Ile ya akiba ilikuwa imeshajizima kwa sababu hiyo hiyo. Sekunde kama 40 baada ya safari kuanza, roketi ikalipuka. Programu hiyo iliandikwa kwa Ada, si C, lakini funzo ni lile lile. Tena hesabu iliyokwama haikuwa na kazi yoyote roketi ikishapaa!

Utasema, "Lakini nambari ya kosa mtu anaweza kuipuuza." Kweli kabisa, na msimbo wako utarefuka kwa sababu lazima ukague kila jibu na kuachilia kumbukumbu uliyochukua. Hiyo ndiyo gharama. Lakini usaidizi upo: toleo la C23 lina [[nodiscard]], na ukiiweka kwenye fanksheni, kompaila inaweza kumwonya anayetupa jibu bila kulisoma.

Basi shika sheria moja: exit() ibaki karibu na main(), mahali panapojua programu nzima inafanya nini. Fanksheni nyingine zote ziripoti. Nanyi walimu wa vyuo, mtoe alama kwa programu inayoshindwa kwa adabu, si ile inayofaulu tu mambo yakiwa fiti.

Leo chagua fanksheni moja tu, ondoa exit(), weka return, kisha mfuate aliyeiita uone kama anasikiliza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta utaujenga saa nane usiku wateja wakikupigia simu.