Debe si kilo, jamani!

Jamani, hivi lita moja ya asali ina kilo ngapi? Usikimbilie kujibu. Mimi na digrii yangu nilijibu "moja", nikaumbuka mbele ya ukoo mzima.

Nilikuwa Kipalapala, pale nje kidogo ya mji wa Tabora ambapo wengi wenu mnapajua kwa seminari na vitabu vya TMP. Mjomba wangu, mfuga nyuki, alikuwa anauza madebe matano ya asali. Mnunuzi akampigia hesabu ya harakaharaka: debe ni lita 20, basi ni kilo 20, jumla kilo 100, hela yako hii hapa. Mjomba akanigeukia mimi, msomi wa familia. Nikaitikia kwa kichwa!

Jioni binamu yangu anayeoka keki za kuuza akatoa mizani yake ndogo ya jikoni. Kikombe cha mililita 250 kikijaa unga wa ngano ni gramu 130 hivi. Sukari, 200 na ushee. Maji, 250. Asali, karibu 350! Kikombe ni kilekile.

Tukapiga hesabu upya. Lita moja ya asali ni kama kilo 1.4, kwa hiyo debe ni kilo 28. Mjomba amelipwa kilo 100, ametoa 140. Kilo 40 zimekwenda bure, na mnunuzi mwenyewe alishatuambia kwamba mjini anauza kwa kilo.

Shuleni tuliimbishwa kuwa lita moja ni kilo moja. Nani alitukumbusha kuongeza "ya maji"?

Najua wapo watakaosema kikombe na debe ni utamaduni wetu, mama zetu wamepika miaka yote bila mizani na pilau halikuharibika. Sawa kabisa. Mama ana kikombe chake, sufuria yake, na jicho lake ndilo mizani. Sigombani na mama. Nagombana na ujazo unaojifanya uzito pale mali inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine.

Halafu, utamaduni wa nani? Tabora hii ilikuwa kituo kikubwa cha misafara ya karne ya 19. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, uzito wa kilo 16 hivi. Mpagazi aliyezibeba mpaka pwani alipimiwa posho yake ya nafaka kwa kibaba, yaani ujazo. Mmeona mambo hayo? Mali ya tajiri kwenye mizani, chakula cha mnyonge kwenye kopo. Leo tunaita lumbesa, au kisado kilichobonyezwa kitako.

Wakala wa Vipimo tunao tangu 2002, na lumbesa imekatazwa. Lakini mkaguzi hawezi kusimama kila penye mzinga. Kwa hiyo waandishi wenzangu wa kurasa za mapishi, acheni "vikombe viwili", andikeni gramu. Walimu, pimeni asali na unga darasani, siyo maji tu. Na wewe msomi mwenzangu, ukienda likizo kijijini, beba mizani kabla ya kubeba maoni.

Mshahara ukitoka namnunulia mjomba ya kwake. Hajanilaumu hata kidogo. Alisema tu, haba na haba hujaza kibaba. Nikajiuliza, kibaba cha nani?

Naomba kutoa hoja.