Maumivu Yasiyoonekana Kwenye Vipimo: Nafasi ya Tiba Fupi ya Hisia

Katika vituo vingi vya afya yupo mgonjwa anayefahamika kwa unene wa faili lake. Amelalamikia kichwa, kifua, tumbo na mgongo. Amepimwa damu, mkojo na choo. Amepigwa picha ya eksirei na kufanyiwa kipimo cha moyo. Kila mara majibu huwa mazuri, naye hurudishwa nyumbani na dawa za kutuliza maumivu. Baada ya wiki chache huonekana tena kwenye benchi lile lile. Kumwambia mtu huyu kwamba haumwi ni kosa, kwa sababu anaumwa kweli. Linalopaswa kuulizwa ni iwapo ugonjwa wake unatafutwa mahali ulipo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wapo wanaoficha maradhi bila kujua kwamba wanaficha. Mtoto aliyeambiwa kila alipolia kuwa anyamaze, kijana aliyefundishwa kuwa mwanamume halii, na mjane aliyehimizwa ajikaze siku ya tatu baada ya mazishi, wote hujifunza kuzima hisia kabla hazijafika kwenye fahamu. Hisia iliyozimwa haitoweki. Hubadili njia, na mara nyingi njia hiyo ni mwili.

Hapo ndipo ilipo nafasi ya tiba fupi ya kisaikolojia inayolenga hisia. Mojawapo ya aina zake ilijengwa na Habib Davanloo, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada. Aliwarekodi wagonjwa wake kwa video, kisha akachunguza sekunde kwa sekunde ni wapi tiba ilisonga mbele na wapi ilikwama. David Malan wa London naye alieleza msingi wa kazi hiyo kwa pembetatu yenye ncha tatu: hisia iliyofichwa, wasiwasi unaozuka hisia hiyo inapokaribia, na kinga ambazo nafsi hutumia ili isiiguse.

Chukua mfano wa mwalimu wa miaka 38 anayeumwa kichwa kila Jumapili jioni. Akiulizwa kuhusu mkuu wake wa kazi, hutabasamu na kusema hana neno naye. Hapo hapo hushusha pumzi ndefu na kukunja vidole. Tabasamu ni kinga, pumzi ni wasiwasi, na nyuma ya vyote viwili kuna hasira asiyothubutu kuitaja. Mtaalamu akimwongoza polepole, huenda akagundua kwamba hasira hiyo inafanana na ile aliyokuwa nayo kwa baba aliyempenda na kumwogopa. Chini ya hasira kuna hatia kwa kumkasirikia mtu anayempenda, na chini ya hatia kuna huzuni. Anapoweza kuzihisi zote bila kuzikimbia, kichwa hakina tena mzigo wa kubeba kwa niaba ya moyo.

Jambo la manufaa zaidi kwa mhudumu wa afya ni kuutambua wasiwasi kwa macho. Kwa baadhi ya watu hupitia misuli ya hiari: mabega hukaza, ngumi hufungwa, pumzi hushushwa. Kwa wengine hupitia misuli isiyo ya hiari: tumbo husokota, kichefuchefu huja, kipandauso huanza, haja ndogo hubana. Kundi la tatu huvurugika fikra: macho huona ukungu, masikio huvuma, mawazo hukatika katikati ya sentensi. Mtu wa kundi la kwanza kwa kawaida huweza kustahimili maswali kuhusu hisia zake. Wa kundi la pili na la tatu lazima apunguziwe kasi, atulizwe na kujengewa uwezo kwanza. Kumsukuma ni kumwongezea ugonjwa.

Ushahidi nao upo. Utafiti uliofanyika Halifax, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2017 uliwahusisha wagonjwa 60 wenye sonona ambayo haikuwa imepona kwa dawa. Baada ya miezi sita, zaidi ya theluthi moja ya waliopewa vikao hadi 20 vya tiba hii walikuwa wamepona kabisa, ikilinganishwa na chini ya mmoja kati ya 20 waliopata huduma ya kawaida. Utafiti huo ni mdogo na haumalizi mjadala, lakini unatosha kuondoa dhana kwamba mazungumzo ni anasa ya wasioumwa.

Ni haki pia kutaja mipaka. Maumivu ya kifua huchunguzwa kwanza kama maumivu ya kifua. Hakuna ruhusa ya kuyaita mawazo kabla ya moyo kupimwa. Mwenye sonona au maradhi mengine ya akili asiache dawa zake kwa sababu ameanza tiba ya mazungumzo. Mwenye fikra za kujiua anahitaji ulinzi wa haraka. Na kufukua majonzi ya zamani si kazi ya mtu asiyepata mafunzo wala usimamizi.

Hata hivyo, hoja kwamba wataalamu ni wachache haitoshi kuhalalisha ukimya. Muuguzi hahitaji kuwa mwanasaikolojia ili aulize, baada ya vipimo kuwa salama: “Maumivu haya yalianza lini, na wakati ule nyumbani kulikuwa na nini?” Dakika tano za kusikiliza bila kukatiza zinaweza kuzuia vipimo vya miaka mitano, na zinaweza kumpa mgonjwa sababu ya kukubali rufaa kwenda kliniki ya afya ya akili bila kuona amedharauliwa.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza iwapo kuna tiba zaidi ya kidonge, na asione aibu kusema kwamba ugonjwa ulianza wiki aliyofiwa, aliyoachwa au aliyoaibishwa. Maelezo hayo ni sehemu ya historia ya ugonjwa kama ilivyo homa. Yanastahili kuandikwa katika faili lile nene, pengine kwenye ukurasa wa kwanza.