Kairo: Miji Minne Katika Siku Moja



Vijana wetu wengi wamekwenda Misri kutafuta elimu, na jamaa zao huwafuata kuwatazama. Apatapo siku moja ya kutembea, mgeni humkodi mwongozi, akapelekwa mbio kwenye Piramidi za Giza, kisha kwenye duka la manukato, na jioni akarejea na picha tele. Hapana ubaya kuziona Piramidi. Lakini Muislamu aliyefika Kairo, asiione Kairo yenyewe, amekosa jambo kubwa. Leo twapenda kumpangia siku yake, na kumpa neno moja la hadhari.

Kwanza yafaa ajue kwamba Kairo si mji mmoja. Ni miji minne iliyojengwa mmoja baada ya mwingine, kutoka kusini kwenda kaskazini: Fustat, Al-Askar, Al-Qata'i, na mwisho Al-Qahira. Basi mwambie mwongozi wako aanze kusini asubuhi mapema, jua halijawa kali, na afuate miji kwa umri wake. Ukifanya hivyo, historia itakujia kwa mpango, wala haitachanganyika kichwani mwako.

Shuka katika stesheni ya treni ya Mar Girgis. Mbele yako utaona minara ya ngome ya Warumi iitwayo Babilon, ambayo jeshi la Amr bin Al-As liliizingira katika karne ya 7. Ndani yake mna makanisa ya kale ya Wakristo wa Misri na sinagogi la Mayahudi, navyo vimesimama hata leo. Hatua chache kutoka hapo upo Msikiti wa Amr, uliojengwa katika mwaka wa 21 wa Hijra (642), wa kwanza katika Misri na katika Afrika yote.

Hapa ndipo penye hadhari yetu. Waongozi wengine humwambia mgeni kwamba nguzo na kuta azionazo zilisimamishwa na Sahaba huyo. La, si hivyo. Msikiti wa kwanza ulikuwa mdogo, wa matofali ya udongo na vigogo vya mitende. Ulipanuliwa mwaka 673 na tena mwaka 827, ukajengwa upya mara nyingi. Kilichobaki cha Amr ni mahali pake. Je, hilo halitoshi hata tuongeze ngano? Mtoto aambiwaye uwongo juu ya msikiti, siku atakapougundua, atatia shaka hata katika yale ya kweli.

Nyuma ya msikiti ndiyo magofu ya Fustat. Mji huu ulikuwa na majumba ya ghorofa, mabirika na mifereji ya maji machafu. Mwaka 1168 Waziri Shawar aliamrisha utiwe moto usije ukatekwa na jeshi la Wafaranga wa Msalaba, na wanahistoria wa kale wasimulia kwamba uliwaka siku 54. Baadaye ukawa jaa la takataka. Ali Bahgat alianza kuuchimbua mwaka 1912, na miongoni mwa vilivyopatikana ni vigae vya vyombo vya China. Vigae vya namna hiyo vimeokotwa pia Kilwa na Gedi. Basi pwani yetu na Misri zilikuwa katika soko moja la dunia.

Katika Fustat ndipo alipofundisha Imamu Shafii miaka yake ya mwisho, na hapo ndipo alipofariki mwaka wa 204 wa Hijra (820). Kuba lililo juu ya kaburi lake lilijengwa mwaka 1211. Muislamu wa Lamu, Mombasa, Unguja au Kilwa, ambaye tangu utoto amefundishwa udhu na sala kwa madhehebu yake, hana haja ya kuambiwa kwa nini asimame hapo amwombee dua mwalimu wa walimu wake.

Ukielekea kaskazini huutaona mji wa pili, Al-Askar, kwa kuwa umetoweka. Wa tatu, Al-Qata'i, uliasisiwa na Ahmad bin Tulun. Mwaka 905 majeshi ya Bani Abbas yaliuvunja wote pamoja na jumba lake la kifalme, wakauacha msikiti peke yake. Msikiti huo uliokamilika mwaka 879, wa matofali mekundu, wenye ua mpana na mnara wa kuzunguka kwa nje, ungali umesimama. Waketishe watoto chini ya matao yake, uwaulize: jumba la mfalme liko wapi? Hakuna hotuba ishindayo swali hilo.

Adhuhuri panda kwenye Ngome ya Salahuddin, iliyoanzwa mwaka 1176. Hapo pana kisima chenye kina cha mita zipatazo 90, kilichochongwa ndani ya mwamba, kiitwacho Kisima cha Yusuf. Utasikia pengine kwamba ni cha Nabii Yusuf. Ukweli ni kwamba jina la Salahuddin lilikuwa Yusuf bin Ayyub, na kisima ni chake. Kadhalika msikiti mkubwa wenye makuba ulio juu ya ngome si wa Salahuddin. Aliuanzisha Muhammad Ali Pasha mwaka 1830, zaidi ya miaka 600 baada yake.

Alasiri ingia Al-Qahira yenyewe kwa Bab Zuwayla, lango la mwaka 1092, ukaifuate njia kuu mpaka Al-Azhar. Mji na msikiti huo, ulioanza kusaliwa mwaka 972, viliasisiwa na Mafatimi, nao walikuwa Mashia wa Kiismaili. Leo Al-Azhar ni chuo kikubwa cha Masuni. Kijana asiogope kulijua jambo hilo. Elimu haina haja ya kufichiwa asili yake.

Katika safari hii vaa mavazi ya stara, chukua maji, na mfuko wa kutilia viatu. Ijumaa usitembeze watu misikitini wakati wa hotuba. Tena mpe mwongozi ujira wake kamili, na umwulize kwa adabu: "Khabari hii umeipata wapi?" Mwongozi mwema hukufurahia, na yule mwingine hujifunza kuchunga ulimi.

La kusikitisha ni kwamba magofu hayabaki kwa kuwa ni magofu. Tangu mwaka 2020 barabara na madaraja yamepitishwa katika makaburi ya kale ya Kairo, na makaburi mengi yenye historia yamevunjwa, ingawa Kairo ya kale imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1979. Watu wanahitaji barabara, hapana shaka. Lakini kaburi la mwanachuoni likishavunjwa halirudi.

Na sisi je? Ni watoto wangapi wa pwani waliopelekwa na wazazi wao Kilwa Kisiwani au Gedi? Na waliopelekwa, wangapi wameonywa wasichore majina yao kwenye kuta za misikiti? Asiyeweza kufika Misri anayo Misri yake karibu. Baba na mama wakae na wanao kabla ya likizo, wachague gofu moja, waisome khabari yake, kisha waende wakalitazame kwa macho yao.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzingatia, na wakweli katika kuwasimulia waliotutangulia.