Kabla ya kununua kinga mpya ya kompyuta, ng'oa ya zamani

OKTOBA 14, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10, uliotoka mwaka 2015. Uamuzi huo uliwagusa wengi wenye maduka ya pembejeo, mashine za kukoboa na vyama vya ushirika, ambao vitabu vyao vya hesabu vimo katika kompyuta zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika. Nyingi kati ya hizo hazina sifa za kupokea Windows 11.

Tangu hapo umeshamiri ushauri mmoja mitaani: nunua programu ya kuzuia virusi na mambo yatakuwa sawa. Ushauri huo una nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki inaweza kumtia mfanyabiashara hasara mara mbili. Kwanza analipia kitu ambacho pengine anacho tayari. Pili anakiweka juu ya kingine kilichokwisha muda, na kompyuta inabaki bila ulinzi wa maana.

Kinga si badala ya marekebisho

Ni vyema msomaji akatofautisha mambo mawili. Programu ya kuzuia virusi ni kama mlinzi wa getini. Marekebisho ya mfumo ni kuziba nyufa za ukuta. Mlinzi hodari hawezi kuona kila anayepenya kwenye ufa.

Mfano hai ni shambulio la WannaCry la Mei 12, 2017, lililofunga mafaili katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Marekebisho ya kuziba ufa uliotumika yalikuwa yametolewa Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao hawakuyaweka.

Kwa sababu hiyo, mwenye Windows 10 ajiulize kwanza kuhusu marekebisho. Microsoft ilitoa nafasi kwa watumiaji wa majumbani kujiandikisha na kuendelea kuyapata hadi Oktoba 13, 2026. Ambaye hakujiandikisha, au ambaye muda huo utamkuta bado yuko kwenye mfumo huo, asidhani kwamba leseni ya kinga imemaliza tatizo.

Mafahali wawili hawakai zizi moja

Watu wengi hawajui kwamba tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta huja na kinga yake ya bure, ambayo leo huitwa Microsoft Defender. Katika miaka ya karibuni imekuwa ikipata alama za juu kwenye majaribio ya taasisi huru kama AV-TEST ya Ujerumani. Kwa duka la kawaida lenye kompyuta moja au mbili, kinga hiyo inatosha, mradi mtumiaji awe mwangalifu na flashi za wageni pamoja na viambatisho vya barua pepe. Aidha, Microsoft imeahidi kuendelea kuipa taarifa za virusi vipya hata katika Windows 10 hadi Oktoba 2028.

Kasoro huanza hapa. Defender hujiweka kando inapoona kuna kinga nyingine iliyojiandikisha kwenye mfumo. Kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kinga ya majaribio ya mwezi mmoja au zaidi kidogo. Muda ukiisha, mwenye kompyuta huona matangazo ya kumtaka alipie, huyafunga, na huendelea na kazi. Baadaye fundi anamwekea nyingine juu yake. Sasa kuna kinga mbili, kila moja inataka kukagua faili lile lile kwa wakati mmoja. Kompyuta inakuwa nzito, bando la intaneti linaliwa mara mbili, na pengine moja inaituhumu nyingine kuwa ni kirusi.

Kinga hukaa ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo kosa dogo huangusha kila kitu. Julai 19, 2024 taarifa moja mbovu ya kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike iliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege hazikuruka, benki zikasimama. Ikiwa haya yalizikuta kampuni zenye wataalamu, mwenye duka asichezee sehemu hiyo ya kompyuta kwa kubahatisha.

Namna ya kuiondoa bila kuacha mizizi

Mkulima anajua kwamba ndago ukiikata juu itachipua. Ndivyo ilivyo kwa mtu anayefuta folda ya kinga kwa mkono na kudhani amemaliza: vipande vilivyojificha hubaki na kuizuia Defender isiamke. Utaratibu salama ni huu.

Kwanza, nakili daftari la madeni, orodha ya bidhaa na hesabu za kodi kwenye diski ya nje, kisha uichomoe.

Pili, ikiwa ulilipia kwa kadi ya benki, ingia kwenye akaunti yako kwa mtengenezaji na usitishe malipo ya kujirudia. Kuondoa programu hakusitishi makato, na mwakani unaweza kukatwa fedha kwa kitu ambacho huna.

Tatu, pakua chombo cha kusafishia kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Norton, McAfee, Avast, Kaspersky na ESET kila mmoja ana chake, na hutolewa bure. Usikichukue kwenye tovuti nyingine.

Nne, tenga kompyuta na intaneti, nenda kwenye mipangilio penye orodha ya programu, chagua kinga ya zamani na uiondoe. Zima na uwashe upya. Hatua hii ya kuwasha upya wengi huiruka, na ndipo mabaki yanapobaki.

Tano, endesha kile chombo cha kusafishia, kisha zima na uwashe tena. Baadhi ya vyombo hivyo hutaka kompyuta iwashwe katika hali ya usalama, yaani ikiwa imepakia vitu vya lazima tu. Kubali.

Sita, rudisha intaneti na ufungue Windows Security. Hapo utaonyeshwa ni kinga ipi inayofanya kazi. Ukiona Defender iko macho, ipe taarifa mpya na uifanye ikague kompyuta nzima. Ikiwa umeamua kununua nyingine, huu ndio wakati wa kuiweka, moja tu.

Ukinunua, angalia nani anashika funguo

Anayenunua asiangalie bei peke yake. Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kuwa Avast italipa dola milioni 16.5 kwa kosa la kuuza taarifa za tovuti walizotembelea wateja wake, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot iliyofungwa mwaka 2020. Waliodhani wanalindwa ndio waliouzwa.

Juni 2024 nchi hiyo hiyo ilipiga marufuku uuzaji wa Kaspersky kwa madai ya uhusiano na serikali ya Urusi, madai ambayo kampuni hiyo iliyakana. Septemba mwaka huo wateja wengi wa huko walikuta Kaspersky imejiondoa yenyewe na kinga nyingine, UltraAV, imewekwa mahali pake bila wao kuigusa kompyuta. Marufuku hiyo haituhusu hapa kwetu, lakini somo lake linatuhusu: unayemwekea kinga kwenye kompyuta umemkabidhi funguo za nyumba.

Kwa mantiki hiyo hiyo, kinga ya wizi iliyovunjwa leseni na kuuzwa kwa bei ya chai ni hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa hakuna ajuaye aliyeivunja aliingiza nini ndani. Vivyo hivyo dirisha linalotokea ghafla likipiga kelele kwamba una virusi kadhaa na kukutaka ulipe. Lifunge, usilipe.

Kwa mfanyabiashara mdogo kinachoweza kupotea ni orodha ya wanaodaiwa, ambayo ikipotea nao hupotea nayo. Kabla hujampa fundi fedha ya kinga mpya, mwambie akuonyeshe kwanza ni ngapi zimo ndani, na ipi kati yake iko macho.