Fundi Akitaka Kupiga Windows Upya, Mwambie Asubiri

Leo viwavijeshi tunawaacha pembeni kidogo.

Wiki iliyopita mama mmoja mnunuzi wa mpunga alikuja ofisini na kompyuta yake ndani ya kiroba, hana raha kabisa. Kuna folda ya madeni humo: nani alichukua fedha ya palizi, nani anadaiwa magunia mangapi. Majina ya mafaili anayaona, ila akifungua anaambiwa hana ruhusa. Na mavuno yameshaanza, wadaiwa wanauza kwingine.

Nilimwuliza swali moja tu: kompyuta ilipigwa Windows upya? Akasema ndiyo, mwezi uliopita, ilikuwa inachelewa kuwaka.

Mafundi watanichukia, lakini nasema: huku kwetu mafaili mengi hayapotei kwa virusi wala wezi. Yanapotea kwa haraka ya kupiga Windows upya. Ni kama kung'oa mahindi yote kwa sababu umeona majani mawili ya njano.

Folda iliyogoma inaweza kuwa na kufuli ya ruhusa tu. Windows haimtambui mmiliki kwa jina, inamtambua kwa namba ya akaunti. Ukipiga upya ukajiita jina lile lile, kwake wewe ni mgeni. Mafaili yenyewe ni mazima. Ingia kwa akaunti ya msimamizi wa kompyuta, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, kisha Security, kisha Advanced. Juu utaona mmiliki. Bonyeza Change, weka akaunti yako, tia tiki ili na vilivyomo ndani vibadilike. Ikigoma bado, rudi hapo hapo ujipe ruhusa kamili. Fanya hivyo kwenye folda yako tu, usiguse folda za Windows yenyewe. Ya mama wa mpunga ilikuwa hii, na aliondoka na madeni yake.

Kufuli nyingine ni ya usimbaji, na hii haina mchezo. Hapa yaliyomo yamevurugwa kwa makusudi, na ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti yako. Utaitambua kwa alama ndogo ya kufuli kwenye faili, au majina ya kijani kwenye Windows za zamani. Kubadili mmiliki hakusaidii. Kama mtu alikubadilishia neno la siri kwa nguvu na wewe unalikumbuka la zamani, jaribu kulirudisha kwanza. Kama akaunti imefutwa na hukuhifadhi nakala ya ufunguo, anayekudai fedha ili akufungulie anakuuzia matumaini.

Najua kwa sababu yalinikuta. Niliifunga folda ya kumbukumbu za misimu miwili, ekari na mbegu za wakulima wangu, nikidhani nalinda namba zao za simu. Kompyuta ikasumbua. Fundi akaniuliza kama kuna kitu cha maana, nikamjibu kwa kujiamini kwamba vyote viko diski D, afute C. Kweli mafaili yalikuwa D. Ufunguo ulikuwa C.

Nilirudi nyumba kwa nyumba na daftari. Vingi nilivipata, si vyote. Kuna familia moja hadi leo inabishania mpaka wa shamba, na vipimo nilivyochukua baba yao akiwa hai vimo ndani ya faili lile. Nalitazama jina lake, siwezi kulifungua.

Sikatazi kufunga. Madeni ya watu ni siri zao. Ila siku unayosimba folda, Windows hukuomba uhifadhi ufunguo. Usipuuze, uweke kwenye flashi na flashi ikae nyumbani, si kwenye begi la kompyuta. Kompyuta nyingi za sasa husimba diski nzima. Hizo zina namba ya kufungulia yenye tarakimu 48, na mara nyingi hukaa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoanzia. Itafute leo, iandike kwenye daftari la nyumbani.

Na kabla hujampa fundi kompyuta, nakili folda zako kwenye flashi, kisha uzifungue kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Zikigoma kule, usimwachie afute chochote. Jumanne na Alhamisi nashinda ofisini, pitia kwangu kwanza.